Shati la Mwalimu Anaeli

Mbinga, 11 Machi 2024

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Bwana asifiwe. Habari za Machame, habari za ng'ombe, habari za masikio? Tangu uache kusikia simu nimejifunza upya kushika kalamu, na mwandiko wangu umekuwa kama wa daktari. Utanivumilia.

Huku tu wazima. Kahawa imebeba vizuri na wakulima wangu wananiita bibi shamba hata kanisani. Martin bado anafundisha hesabu. Mama yake, Mama Dominika, anapiga simu kutoka Kibosho kila Jumapili akitoka misani, kuuliza kama nimeanza kula udongo.

Hapo naamini umeshaelewa, Babu. Ndiyo. Nina mimba, na imefika nusu ya safari.

Nilitaka barua hii iishie hapo, tufurahi tu. Lakini wiki iliyopita nilikwenda kupiga ultrasaundi. Daktari alikuwa anaongea vizuri, anatania, halafu akasogea karibu na kioo. Akarudisha kile kidude mahali palepale mara nyingi. Mwisho akasema, "Mtoto kalala vibaya. Huku chini ya mgongo sioni kama pamefunga sawasawa. Huenda ni mashine yangu, huenda siyo." Anatupeleka Mbeya kwenye mashine kubwa, mtoto akiongezeka kidogo. Akauliza kama kwetu, au kwa mume wangu, kuna mtu aliyezaliwa na kasoro ya mgongo.

Mama Dominika alijibu kwa simu moja, na akaongeza magonjwa ya ukoo mzima ambayo hakuulizwa. Baba naye yuko Kahe na mpunga wake. Kaniambia, "Muulize Babu yako. Ndiye mkubwa wetu, tena ndiye aliyefundisha baiolojia."

Kwa hiyo nakuuliza, Babu. Yupo?

Mjukuu wako,
Kindness

*

Machame, 2 Aprili 2024

Mjukuu wangu Kindness,

Marahaba, na marahaba nyingine ya huyo asiyejua bado kusalimia. Barua yako ilinikuta Ijumaa Kuu. Nilimwambia ng'ombe kwanza, kisha shangazi yako Gladness, kwa sababu ng'ombe hapigi vigelegele. Gladness amehamia huku tangu Januari. Anadai kule Soweto, Moshi mjini, kuna joto. Kikohozi changu ni kidogo tu, usimsikilize. Mvua imeanza, mfongo wetu wa kumwagilia umejaa majani na maji yanapita yanakotaka.

Sasa kaa nikufundishe, maana nimestaafu kulipwa, sijastaafu kufundisha.

Umeona jani jipya la mgomba linavyotoka: limejiviringa kama karatasi, halafu linafunguka. Mtoto hufanya kinyume chake. Mwanzo kabisa, kabla mama hajajua chochote, mgongo wake ni jani bapa lililolala wazi. Kisha kingo mbili za jani zinainuka, zinatazamana, zinakutana kwanza katikati, na kufungana kuelekea juu na kuelekea chini, mpaka jani linakuwa bomba. Sehemu ya juu ya bomba inakuwa ubongo. Sehemu ya chini inakuwa ule ugwe mweupe wa fahamu unaopita ndani ya mifupa ya mgongo. Kazi hiyo yote huisha ndani ya mwezi wa kwanza. Kwa hiyo usijilaumu kwa lolote ulilokula Februari.

Halafu linakuja jambo ambalo nililipenda kulifundisha kuliko yote. Mimba ikiwa na miezi mitatu, ugwe na mifupa vina urefu mmoja, vinafika chini pamoja. Baada ya hapo mifupa inakua mbio, ugwe unakua polepole. Mifupa inashuka, ugwe unabaki juu. Na mishipa ya fahamu iliyotoka kwenye ugwe kwenda miguuni haikatiki, inarefuka. Wanafunzi walikuwa hawaelewi mpaka niwaambie: ni sisi Wachagga. Kihamba, shamba la ukoo, kiko juu, watoto wanashuka Kwa Sadala, wanashuka Moshi, wanashuka Kahe, mmoja anavuka mpaka Mbinga. Lakini Krismasi ikifika kila mmoja anavutwa pale alipoanzia.

Kuhusu swali la daktari, sikumbuki mtu yeyote.

Gladness anakutumia ndizi mshare za mtori. Kondakta ameambiwa asiziwekee mzigo juu.

Babu yako,
Anaeli

*

Mbinga, 19 Aprili 2024

Babu,

Shikamoo. Ndizi zimefika, tatu tu ndizo zilizopondeka. Martin ameisoma barua yako mara mbili, sasa anawaambia walimu wenzake kwamba mtoto wake ni jani la mgomba. Mama Dominika kasikia, kauliza kama hayo ndiyo mafundisho ya Walutheri.

Tunakwenda Mbeya tarehe sita Mei. Usiku nalala vizuri, mchana ndiyo shida. Nikimwona mtoto yeyote anakimbia barabarani, nasimama namtazama miguu.

Babu, nikuambie kitu bila kukukosea heshima. Umenipa kurasa nne za mgongo wa mtoto, na swali langu umelipa mstari mmoja, chini kabisa, karibu na ndizi. Mimi nimekulia kwako. Ukiwa na jibu unalisema kabla hujavua kofia. Wewe "hukumbuki"? Wewe unayekumbuka mwanafunzi gani aliandika figo ziko kifuani?

Na jambo la pili. Shangazi Gladness hakuhama Soweto kwa sababu ya joto. Nimempigia. Kaniambia hujafika kanisani tangu Noeli, na kwamba viatu haviingii miguuni. Halafu akaanza kulia, akasema nisiseme kama kasema.

Sitaki unifariji. Nataka daktari wangu ajue anachotafuta.

Mjukuu wako anayekuheshimu na kukupenda,
Kindness

*

Machame, 26 Aprili 2024

Kindness, mama yangu,

Habari za huko ni salama, za hapa ni salama, ng'ombe kazaa ndama jike. Salamu ziishie hapo leo.

Ndani ya bahasha kuna jani la isale. Umekulia hapa, unajua. Anayeleta isale amekuja kuomba radhi, na anayelipokea hawezi tena kukataa. Wewe umeshalipokea, umelishika. Nimekuwahi.

Yupo mtu. Ni mimi.

Chini ya kiuno changu, katikati ya mgongo, kuna kishungi cha nywele, laini, kirefu kama kidole, na chini yake kuna kishimo. Nilizaliwa nacho. Mfupa pale haukukutana vizuri na mwenzake, ila ngozi ilifunga, na ugwe ulibaki salama ndani. Mama yangu alipokiona alimwomba mkunga anyamaze. Watu wa wakati ule walikuwa na maneno yao kuhusu mtoto aliyekuja na alama, na yeye hakutaka kusikia hata neno moja. Nilipoanza kujitambua aliniambia, "Anaeli, usivue shati mbele ya mtu." Nikatii. Nimetii miaka themanini.

Unajua siku ya kusafisha mfongo, ukoo wote unatoka na majembe, na kazi ikiisha vijana wanaruka kwenye maji. Mimi niliruka na shati. Kila mwaka. Wenzangu wakaniita Mchungaji, wakidhani nina haya takatifu. Eliudi, yule mwenye kihamba kinachopakana na chetu, mpaka leo ananiita hivyo. Nilipokuwa chuoni nikafungua kitabu cha maumbile ya binadamu, nikakutana na picha ya mgongo wangu. Nikakifunga kitabu kama mtu aliyeona sura yake ukutani kituo cha polisi. Kesho yake nikakifungua tena. Ndipo nilipoanza kuipenda baiolojia, mjukuu wangu. Wote mnadhani ilikuwa wito.

Bibi yako Elisifa ndiye pekee aliyejua. Nilimwambia kabla ya harusi. Akasema, "Tuone." Akaona. Akacheka mpaka akakaa chini. "Wanaume wengine wana ndevu mbele tu," akasema, "mimi nimepewa za akiba." Siri hiyo alikwenda nayo kaburini akiwa anacheka, nina hakika.

Kwa nini nilikuficha wewe? Niliposoma barua yako nilijiona mimi ndiye niliyekupa. Kama mtoto huyo ana jeraha, limetoka chini ya shati langu. Nikashindwa kuandika. Nikakuandikia darasa badala yake, maana mwalimu akiogopa anafundisha.

Lakini nilipomaliza kujionea huruma nikafikiri vizuri zaidi. Mgongo huu umepanda kwenda shule pekupeku, umebeba magunia ya kahawa, umecheza muziki kwenye harusi tatu za watoto wangu, umekubeba na wewe ukiwa na surua. Mwambie daktari hayo pia. Asiandike kishungi peke yake.

Na la pili uliloniuliza: moyo wangu umechoka. Maji yanashuka miguuni. Daktari wa hapa kaniambia nisipange mambo ya mbali. Nimepanga moja tu, nalo liko tumboni mwako.

Gladness alitaka kuipiga picha barua hii aitume kwa simu ifike haraka. Nimekataa. Siri ya miaka themanini haiwezi kupita kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Itapanda basi kama mtu mzima.

Babu yako,
Anaeli

*

Mbinga, 12 Mei 2024

Babu yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Hongera kwa ndama.

Barua yako ilifika stendi tarehe tano jioni, nasi tunaondoka alfajiri. Niliisomea ndani ya basi. Nilianza kulia, nikafika kwa Bibi na ndevu za akiba, nikacheka kwa sauti, na jirani yangu akahamia kiti cha nyuma.

Isale nimelipokea. Ulikuwa umesamehewa kabla ya bahasha kufunguka, lakini asante kwa heshima.

Mbeya tulikutana na daktari mama, mtu mpole sana. Nilimpa habari zako. Akaniambia kuwa alama kama yako watu wengi wanayo bila kujua na haimaanishi lazima mtoto arithi chochote, ila amefurahi kuambiwa, maana sasa anajua pa kutazama kwanza. Akatazama muda mrefu. Martin alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Halafu akageuza kioo upande wetu. "Oneni," akasema. "Ngozi imefunika mpaka chini. Ugwe huu hapa, unaishia pale unapotakiwa kuishia kwa umri wake. Kichwa kizuri. Kuna mfupa mmoja huku mwishoni ambao sipendi ulivyokaa, tutautazama akizaliwa. Lakini miguu..." Hakumaliza. Mtoto alipiga teke, Babu! Kidude kikaruka mkononi mwake. Martin akasema, "Huyo kamsikia anamsema vibaya."

Kwa hiyo bado tunangoja, ila kungoja kwa sasa ni kwingine. Siwatazami tena watoto miguu.

Nina ombi. Agosti si mbali. Moyo wako umechoka, uketishe. Usiufanyishe kazi ya kuogopa.

Na swali jingine, kwa vile siku hizi unajibu: shati bado unalivaa?

Kindness

*

Machame, 24 Juni 2024

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mwandiko unayumba, mkono ndio wenye kosa, akili iko sawa. Ndama amepewa jina Mbeya.

Swali lako lilinisumbua wiki nzima. Jumamosi ilikuwa siku ya kusafisha mfongo. Nikamwambia Gladness nataka kwenda. Akakataa. Nikamkatalia kukataa kwake. Ikabidi wanibebe na kiti cha plastiki, wanaume wanne, kama mangi wa zamani anayekwenda kuamua kesi. Nilikaa chini ya migomba nikawatazama wakizibua matope. Kazi ilipoisha vijana wakaanza kuruka majini.

Eliudi akaniita kwa kelele ili nisikie, "Mchungaji! Mwaka huu huogi? Au shati halijafuliwa?"

Nikaanza kufungua vifungo. Gladness akasema, "Baba, baridi!" Nikaendelea. Vidole havina nguvu, kwa hiyo ilichukua muda wa kutosha kwa kila mtu kusogea karibu. Nikalivua. Nikamwambia Eliudi aje nyuma yangu atazame.

Alikuja na fimbo yake. Akainama. Akakaa huko nyuma muda mrefu mpaka nikaogopa kama mtoto wa miaka saba.

"Mchungaji," akasema, "hiki ndicho ulichotunyima?"

"Ndicho."

"Miaka yote hii nilidhani una mkia!"

Kindness, walicheka mpaka mtu mmoja akateleza akaingia majini na gamubuti. Mimi pia nilicheka, nikakohoa, nikacheka. Wakanimwagia maji ya mfongo mgongoni kwa kata. Yanatoka mlimani, unajua yalivyo baridi. Mgongo wangu haukuwahi kuyapata bila shati.

Gladness kanipaka mafuta, kanifunika mablanketi, kaniombea na kunigombeza kwa pumzi moja. Sijutii. Nimechoka, lakini ni uchovu mzuri.

Agosti naiona kutoka hapa nilipolala. Iko karibu na mlango.

Anaeli

*

Mbinga, 8 Agosti 2024

Babu, Babu, Babu,

Shikamoo! Amekuja! Tarehe mbili, saa nne asubuhi, wa kike, kilo tatu na kidogo, na sauti ya mwinjilisti.

Yule daktari mama wa Mbeya alimgeuza kabla hata hajanipa. Nikamwona anamtazama chini ya kiuno. Akamwita muuguzi. Nikajiinua kwa kiwiko nione. Kisha akaniletea, akamlaza kifudifudi juu ya kifua changu, akasema, "Mama, huyu babu yako uliyemsema, ana nywele za rangi gani?"

Kipo, Babu. Kishungi. Cheusi, laini kama manyoya ya kifaranga, na kishimo chini yake. Wamempiga ultrasaundi ya mgongo. Ugwe uko huru, unacheza, umeishia mahali pake. Miguu yote inapiga. Amewakojolea wauguzi wawili, na daktari akashangilia kama vile ni goli, akasema hiyo nayo ni habari njema ya mgongo, maana mishipa ya huko ndiyo inayoamuru mkojo. Tutamrudisha wamtazame anavyokua, ila leo hawana neno.

Sasa sikia la jina. Mama Dominika alifika siku ya tatu na unga wa uji, dumu la maziwa, na jina. Unajua desturi: wa kwanza wa kike ni jina la mama wa baba. Dominika, basi, imekwisha. Alikuwa ameshamwambia padre. Akakaa amuogeshe mtoto. Akamgeuza. Akaweka sabuni chini, akamsogeza kwenye mwanga.

"Hiki nini?"

Nikamwambia yote. Mama yako na mkunga, shati, mfongo, mzee Eliudi na mkia. Alisikiliza huku akimwagia maji taratibu palepale. Martin akasema, "Mama, desturi ni desturi, jina ni lako."

"Nyamaza wewe," akamjibu. "Mtu akifika kwako na muhuri wa kwao mgongoni, utabandika karatasi yako juu yake? Huyu ni Anaeli. Mimi nitasubiri wa pili." Halafu akanigeukia. "Na huyo wa pili, Kindness, asichelewe. Mimi nina miaka sabini."

Anaeli, Babu. Jina linalobebwa na wa kike na wa kiume. Alipigiwa vigelegele na Mkatoliki.

Tunakuja Krismasi wote. Ningojee, tafadhali.

Kindness

*

Machame, 19 Agosti 2024

Anaeli, kitukuu changu na wajina wangu,

Marahaba. Mama yako atakusomea. Gladness ananishikia karatasi isiteleze, ila kalamu ni yangu.

Nimefurahi mpaka daktari wangu amenikemea. Nimemwagiza Eliudi amchagulie Mama Dominika mkungu wa ndizi, ule mzuri kuliko yote, aupeleke mwenyewe Kibosho. Mwambie mama yako kwamba ameniomba nimngojee, na mimi sijamjibu, na safari hii anajua kwa nini.

Kwa hiyo nakuachia maagizo wewe. Ulipokuwa mdogo kuliko punje ya kahawa, jani lako lilijiviringa likafunga vizuri. Pakabaki upenyo kidogo tu kwenye mfupa wa mwisho. Ni mlango wa nyumbani kwetu. Mifupa yako sasa itakimbia, itakwenda mbali, na iende. Usiogope kuvutwa.

Krismasi wakikuleta, mimi nitakuwa kule kwenye migomba, karibu na Elisifa, tumekaa tunacheka. Usisimame sana hapo. Shuka mfongoni na mama yako. Maji yatakuwa baridi na watu watakuwa wengi, Eliudi atakuwepo na fimbo yake.

Wakuvue shati hapohapo, mbele ya wote.

Babu yako,
Anaeli